Picha ya Harusi Ambayo Simo

Mzee mwenye miwani alitandaza picha sita mezani kama anayegawa karata, akanisogezea. "Harusi ya mdogo wako," akasema kwa Kiingereza. "Wewe ni yupi?"

Nilizitazama moja moja. Bibi harusi yuko katikati, mikono imejaa hina na piko. Mama yumo, na kanga yake ya kijani. Wajomba wamo, mashangazi wamo, hata yule fundi baiskeli wa barabara ya kumi na mbili ambaye haalikwi na hakosi. Nilikuwa najua jibu kabla hata sijaziangalia.

"Simo," nikasema.

Hapo ni Chennai, kusini mwa India, mwaka 2014. Muhimbili walikuwa bado hawajaanza kupandikiza figo, hilo lilikuja 2017, kwa hiyo mgonjwa wa Tanga aliyefika hatua ile alikuwa na njia iliyozoeleka: kuchangiwa na watu, kupanda ndege na kwenda kwa Wahindi. Mdogo wangu figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Mtoaji nilikuwa mimi. Na sheria ya India, ya mwaka 1994, haitaki mchezo na biashara ya viungo. Ukija mgeni na mtu wako wa kukupa figo, lazima kamati ijiridhishe kwamba ni ndugu yako kweli na hukumnunua mahali. Wanataka vyeti vya kuzaliwa, barua ya ubalozi, vipimo vya damu vinavyoonyesha ukoo. Na wanataka picha. Za utotoni, za sikukuu, za harusi.

Sasa sisi Waswahili neno lenyewe limetuponza. Kwetu kaka ni kila mtu. Konda wa daladala ni kaka, muuza muhogo ni kaka. Ilibidi nimweleze mkalimani kwa vidole: huyu na mimi ni tumbo moja, ziwa moja. "Kama ni hivyo," akauliza mzee, "mbona kwa miaka sita hamna hata picha moja mkiwa pamoja?"

Nitarudi kwa huyo mzee. Kwanza niseme ilikuwaje.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na ishirini na moja. Nikafungua kibanda cha vipuri pale Ngamiani, nikamsomesha, nikamvisha, nikamchagulia hata rafiki. Watu walinisifu, nami nikazikubali sifa. Alipoleta jina la mchumba, fundi boti wa Pangani, nikasema hapana. Sikuwa na sababu ya maana. Nilisema mtu wa majini hana makazi, nilisema hana elimu. Ukweli ni kwamba hakuniuliza kwanza. Akaolewa. Siku ya harusi nilipeleka ng'ombe na magunia mawili ya mchele. Miguu yangu sikuipeleka. Nikakaa dukani nikihesabu boliti.

Toka hapo tukawa watu wa kukutana misibani. "Hujambo." "Sijambo, shikamoo." Basi.

Ugonjwa ulipofika, mumewe ndiye alikuwa wa kwanza kujitokeza, lakini damu yake ni kundi A na mdogo wangu ni O. Mama ana presha. Nikabaki mimi, na mimi ni O. Nilikwenda kwake na habari hiyo nikidhani nitapokelewa kwa machozi. Alikuwa anakuna nazi. Hakunyanyua kichwa. Akasema, "Kaka, ukishanipa figo utaanza kunitawala upya."

Maneno hayo nilisafiri nayo hadi Chennai.

Tulipanga chumba cha ghorofani katika kichochoro kinachotokea barabara ya Greams, mtaa ambao nusu ya wapangaji ni wagonjwa na nusu ni waliowasindikiza. Vibao vya nyumba za wageni vimeandikwa mpaka Kiarabu na Kibengali. Mwenye nyumba wetu alikuwa mama mtu mzima, mjane, tukimwita Amma kama wanavyomwita wote, maana yake mama. Kila alfajiri alikuwa akiinama mlangoni na kopo la unga wa mchele akidondosha maua na mistari ardhini kwa vidole viwili, kazi ya dakika kumi, na kabla ya adhuhuri miguu ya watu imeshaifuta. Kesho anachora tena. Jioni, pale kona, kulikuwa na mwanamke anauza asumini zilizofungwa kwenye uzi, nao huzipima kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mdogo wangu alifurahi sana kuona hivyo. "Kaka, si dhiraa hiyo!" Kila jioni akanunua dhiraa moja ya asumini kama yuko Tanga.

Siku tatu kwa wiki alikuwa akisafishwa damu. Mkono wake wa kushoto walikuwa wameunganisha mishipa kwa ajili ya kazi hiyo, na ukiweka kiganja juu yake unasikia unavuma kama friji la zamani. Maji alipimiwa kwa kikombe. Ndizi mwiko. Na madafu, ambayo pale yanauzwa kila pembe, ndiyo mwiko mkubwa zaidi, maana yana kitu kinachoweza kuusimamisha moyo wa mtu mwenye figo zilizokufa.

Siku moja nikamfuma ngazini na dafu. Nilipiga kelele mpaka madirisha yakafunguka. Na yeye si wa kunyamaza, akanirudishia, tukatoa ya harusi, tukatoa ya ng'ombe, yote kwa Kiswahili cha Tanga pale ngazini pa watu. Amma alisimama chini na mjukuu wake, kijana wa chuo. Hawakuelewa neno hata moja, lakini yule kijana akacheka, akatunyooshea kidole, akasema: "Pasamalar!"

Nikadhani ni tusi.

Baadaye akanieleza. Ni jina la picha ya zamani ya sinema, ya mwaka 1961, na kwa Watamil limeshakuwa neno la mtaani: kaka na dada wakiwa hawaachani, au wakigombana huku kila mtu anaona wanapendana, wanataniwa hivyo. Malar ni ua. Paasam ni upendo, lakini si ule wa wapenzi. Ni ule unaomfunga mtu na wa damu yake, wakati mwingine mpaka ukakaba. Kwa Kiswahili ningelazimika kusema maneno matatu kufikia hilo moja.

"Ni picha ya Kihindi?" nikauliza.

Amma, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu, hilo alilielewa vizuri. Uso ukamkunjamana. Sisi kwetu Kihindi ni kila kitu: nguo ya Kihindi, chakula cha Kihindi, sinema ya Kihindi. Mama zetu walilia kwa ajili ya nyota wa Bombay na sisi tukarithi yale machozi. Kumbe ukimwambia mama wa Kitamil kwamba lugha yake ni Kihindi, ni kama kumwambia Mmakonde kwamba ni Mhaya. Kitamil ni lugha ya kale mno, ina mwandiko wake na ukoo wake mbali na wa kaskazini, na katika miaka ya sitini watu wa huko waliandamana wakipinga kulazimishwa Kihindi, na wengine wakafa. Mjukuu alinieleza hayo huku Amma akitikisa kichwa kila sentensi. Toka siku hiyo nikakoma.

Jumapili akaweka diski. Tukakaa wanne sebuleni, feni inazunguka, mdogo wangu kwenye kiti cha Amma na asumini zake. Picha haina rangi na ni ndefu, karibu saa tatu, na nakiri nusu saa ya kwanza nilikuwa nahesabu mijusi ukutani.

Kisa chenyewe: kaka na dada yatima, Rajasekar na Radha. Kaka ni kibarua wa kiwandani, dada yuko nyumbani anatengeneza midoli na kuuza. Kiwanda kinafungwa, kaka anakosa kazi, na dada ndiye anatoa akiba yake ya midoli: shika, anza biashara. Kaka anatajirika. Hilo nililishika vizuri, kwa sababu wanaosimulia hukimbilia kaka alivyojitolea, wakasahau mtaji ulikuwa wa nani. Kisha Radha anampenda Anand, mwenzake kaka wa zamani, mtu wa chama cha wafanyakazi. Kaka anawaka. Mwishowe anakubali, harusi inafungwa, naye anaoa pia. Halafu anaingia shangazi yake Anand, na ndani ya nyumba ile moja fitina inaanza.

Kaka ni Sivaji Ganesan, mtu wa jukwaani kabla ya kuwa mtu wa sinema, na inaonekana: akikasirika anakasirika mpaka kope. Mwanzoni niliona anazidisha. Ni mwigizaji huyohuyo aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora Cairo mwaka 1960, kwenye tamasha la filamu la Afrika na Asia, kwa picha nyingine. Radha ni Savitri. Mumewe ndani ya picha ni Gemini Ganesan, ambaye nje ya picha pia alikuwa mumewe Savitri, na ule Uganesan wake na wa Sivaji hauna undugu wowote. Amma alishangaa kwamba hatuyajui haya. Mwongozaji ni A. Bhimsingh, bingwa wa visa vya nyumbani, ambaye picha zake nyingi aliziita majina yanayoanza na "Pa" mpaka ikawa kama alama yake.

Nyimbo zilitungiwa muziki na watu wawili, M. S. Viswanathan na T. K. Ramamoorthy, na mashairi ni ya Kannadasan. Uwezo wao niliuona pale harusi ilipofika. Rafiki zake wa kike wanamwita bibi harusi atoke, sauti ni ya L. R. Eswari, na Amma ambaye magoti yanamsumbua akaanza kupiga makofi pale alipokaa. Mjukuu akasema wimbo ule mpaka leo haukosekani kwenye harusi za Kitamil, ndio uliompandisha yule mwimbaji. Mdogo wangu akasema, "Kumbe kama sisi tu." Akanyamaza kidogo. "Kwangu walipiga lelemama." Sikujua nitazame wapi. Sikujua walipiga nini kwake.

Halafu ukaja ule wa kubembeleza mtoto. Kama picha yote ingeungua ukabaki huo, isingekuwa hasara kubwa.

Wakati huo ndugu wale wawili wameshatengana, fitina imekwisha fanya kazi. Kila mmoja yuko kwake na kila mmoja ana mtoto: kaka ana wa kiume, dada ana wa kike. Usiku kila mmoja anamlaza wake. Na wimbo ni mmoja. T. M. Soundararajan anaimba upande wa kaka, P. Susheela upande wa dada, nyumba mbili tofauti, sauti inatoka hapa inapokelewa kule kana kwamba hakuna ukuta. Mwendo wake ni wa bembea, unakwenda na kurudi, hauna haraka. Sikuhitaji mtu kunitafsiria kwamba ni wa kulaza mtoto. Sisi tunasema howa, wao wanasema aariraro, na mkono unaopigapiga mgongo ni uleule.

Lakini maneno niliyahitaji, nikamwomba kijana asimamishe kila baada ya beti. Kannadasan anaanza na ua lililofumbuka nusu, macho ya mtoto anayepigana na usingizi. Anataja upepo uliocheza mtoni ukachana nywele za mimea inayotambaa. Mpaka hapo ni uzuri tu. Kisha kaka anamwambia mwanawe kwamba amezaliwa aje kutawala, aje kumuoa binti wa shangazi yake. Na dada kule anamwambia binti yake: mjomba wako atakuja na saa ya dhahabu na mkufu wa almasi, atakuposa, ataulizia bei ya dunia nzima kwa ajili yako.

Nikamwambia kijana arudishe nyuma. Watu hawa hawasemezani, na kila mmoja chumbani kwake anapanga harusi ya watoto wao, bila mwenzake kujua. Kwa Watamil kuoana watoto wa kaka na dada ni jambo la heri, na mjomba upande wa mama ana kazi zake kabisa: binti akitobolewa masikio hukaa mapajani mwa mjomba. Hata pwani yetu kuoa binamu si ajabu, kwa hiyo tulielewa wote mara moja. Na beti za mwisho dada anamwuliza mwanawe: nikusimulie alivyonifunika kwa bawa akanilea kama bintiye? Nikusimulie ulivyokuja wakati tusiouota ukatutenga?

Nilimtazama mdogo wangu kwa pembe. Binti yake alikuwa na miaka minne, amebaki Tanga kwa bibi yake. Mimi ni mjomba wake wa pekee. Nilikuwa nimembeba mara mbili, zote msibani.

Mwisho wa picha sitausimulia wote. Kaka anatoa mali yake yote na kuondoka. Anarudi siku ya Diwali, anamwokoa mtoto na fataki, anapofuka. Wanakufa wote wawili wameshikana mikono. Amma alilia kama hajawahi kuiona. Mimi nililia nikasingizia pilipili. Mdogo wangu hakulia hata tone. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayejisemea:

"Anatoa tu. Anatoa nyumba, anatoa pesa, anaondoka. Hakuna siku amekaa akamuuliza, mwenzangu unataka nini."

Usiku ule tulimpigia mama. Chennai wako mbele ya sisi saa mbili na nusu, kwa hiyo saa tatu na nusu ya usiku kule, Tanga ndiyo kwanza inaingia saa moja. Mdogo wangu akamhadithia picha. Mama akamkatiza katikati. "Hiyo si ya Ashok Kumar? Kaka anakuwa kipofu? Nimeiona mimi, bado msichana, baba yenu alikuwa hajanijua." Tukabaki midomo wazi. Mjukuu akathibitisha: Bhimsingh mwenyewe aliirudia kwa Kihindi mwaka 1962, ikaitwa Rakhi, na Ashok Kumar akapata tuzo ya Filmfare kwa nafasi ya yule kaka. Mama alikuwa nayo kifuani miaka yote. "Nililia njia nzima mpaka nyumbani," akasema. "Yule mwanamume alikuwa mbishi kama mwanangu."

Simu ilipokatika nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilitaka kusema jambo na kila nililoanza lilikuwa hesabu: ada nilizolipa, mchele, ng'ombe, sasa figo. Nikaona kama natoa risiti. Mwisho nikauliza swali la kipuuzi. "Siku ile, pilau alipika nani?"

Akageuka. Akanitazama kitambo, akitafuta mtego. Kisha akaanza. Alipika mama mdogo, likaungua chini, wakaliokoa juu. Mvua ilinyesha saa ya kwenda msikitini. Bwana harusi alivaa kanzu fupi ya kuazima, vifundo viko nje. Lelemama walikuja wachache wakaimba kwa nguvu ya watu mia. Mjomba mkubwa ndiye aliyeshika nafasi yangu, na kila mtu alijua nafasi ile ni ya nani. Alisimulia mpaka feni ikazimika na umeme. Gizani akaendelea. Mimi nilikuwa nauliza tu: halafu?

Kwa hiyo nilipokaa mbele ya yule mzee wa kamati, wiki iliyofuata, na akauliza mbona simo pichani, mbona miaka sita, sikuwa na la kuficha. Nilimwambia: nilikataa mchumba wake, nikakataa harusi, nikakaa dukani. Lakini niulize lolote kuhusu siku ile. Nikamwonyesha kwenye picha nani ni nani, kanzu ya kuazima ni ipi, na kwa nini sufuria ya pilau imegeuzwa upande. Mkalimani alikuwa anacheka akitafsiri. Mdogo wangu waliyemhoji chumba kingine alisema vilevile, hata la kuungua chini. Nadhani vipimo vya damu ndivyo vilivyowaridhisha zaidi, siwezi kujidanganya. Lakini karatasi ilitoka.

Upasuaji sina la kusimulia, nililala nikaamka na maumivu ubavuni. Nilichokumbuka ni siku ya tatu, waliponisukuma kwa kiti hadi kwenye mlango wa kioo wa chumba chake, naye akaninyanyulia chupa ya maji. Akaifungua na kunywa yote, bila kupimiwa, huku ananitazama.

Tulikaa Chennai wiki nyingine kadhaa tukiangaliwa. Siku moja, kwenye bajaji kuelekea pwani ya Marina, kijana wa Amma alituonyesha sanamu ya Sivaji iliyokuwa imesimama pale barabarani wakati huo, na mdogo wangu akasema anaonekana amechoka kwa kutoa. Alikuwa ameanza kunitania. Kila usiku kabla ya kulala alimpigia binti yake kumwimbia, na usiku mmoja sauti ilimkauka kwa dawa. Akanipa simu. "Mlaze wewe."

Mimi sijui wimbo hata mmoja wa watoto. Nilikuwa na ule tu, tena bila maneno. Nikaanza kuuvuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mkono unapigapiga mto kana kwamba mtoto yuko pale. Kule Tanga kukawa kimya. Nikadhani amelala.

"Mjomba," akasema, "unaimba Kihindi?"

Mdogo wangu akaninyang'anya simu. "Si Kihindi," akamwambia kwa ile sauti iliyokauka. "Ni Kitamil. Mwache mjomba aendelee."